Kilomita Sita za Mawe Meusi

4 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba gari la maji bado linapanda huko kwenu kila Alhamisi, maana bila dereva wake wewe na mimi tungekuwa tumeshasahauliana. Sisi huku tunasukuma siku. Hapa hospitali tumeletewa mashine mbili mpya za kufulia, moja ikagoma wiki ya kwanza, kwa hiyo mashuka ya wodi ya wazazi tunayasuuza kwa mikono na mgongo wangu unanipa taarifa kila jioni. Mpwa wako mdogo, yule tunayemwita Maswali, ametimiza miaka saba na kung'oka meno mawili ya mbele, lakini maswali hayajapungua hata moja. Mkubwa ana kumi na tano sasa. Anakula, anakwenda shule, anaosha vyombo bila kuambiwa. Kuongea ndiko hataki. Neno lake ni "sawa, mama," basi.

Sasa nikuambie kilichonishikisha kalamu. Mwezi ujao unatimia mwaka tangu tumzike shemeji yako. Unakumbuka aliwaahidi watoto kwamba likizo moja atawaleta huko kwako, watembee kwenye jangwa la mawe meusi na kuchungulia lile shimo la volkano. Ahadi hiyo hakuifuta hata baada ya nyinyi wawili kukorofishana, siku aliposema kupaka mawe rangi si kazi ya mtu mzima na wewe ukainuka mezani hujamaliza kula. Alikuwa na mdomo, tunajua. Lakini ahadi zake alizitimiza, isipokuwa hii.

Nataka niitimize mimi. Nafikiria likizo ya Agosti. Wewe ndiye mtunza njia, utuchagulie njia nyepesi, ya watu wa kawaida, yenye mahali pa kukaa. Sisi si mbuzi.

Mambo ya siku ya mazishi sitaki tuyaongee. Uliandika kwamba kazi ilikubana. Nilisoma.

Dada yako.


27 Februari

Shikamoo dada,

Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye droo ya dereva pamoja na karanga na spana, usinilaumu mimi. Nashukuru kusikia mko salama. Mgongo wako uupe pole zangu. Huku mvua hatujaiona tangu mwaka juzi, ila hilo si habari, mvua ikinyesha ndiyo itakuwa habari.

Dada, nimefurahi mpaka nimesimama. Njoni. Nimeshawapangia. Kuna njia ya mzunguko ya kilomita sita, naifahamu kuliko kiganja changu. Tutaanza saa kumi na mbili asubuhi, jiwe likiwa bado baridi, na saa nne tuwe tumerudi kivulini, kwa sababu baada ya hapo mawe haya yanarudisha joto lote yaliyolimeza. Kilomita ya kwanza ni majivu laini, mguu unazama kidogo, watoto watacheka. Halafu lava iliyoganda, ina mikunjo mikunjo. Hapo kila mtu aangalie anapokanyaga, maana inakata soli. Halafu mteremko mdogo, halafu ukingo wa shimo. Pale tutakaa, tutakula, tutatazama chini. Ukimya wake ni mwingi, labda Mkubwa ataupenda.

Kila mtu lita tatu za maji. Viatu vya kufunika vidole. Kofia yenye ukingo, si ile ya mapambo uliyovaa kwenye harusi ya binamu. Mwambie Maswali kuna mawe huku yana vitundu hata yanaelea kwenye ndoo ya maji, nitamwonyesha.

Alama nyeupe zinazoongoza watu kule juu nimezipaka mimi zote, moja kila hatua hamsini. Hamtapotea.

Kuhusu hilo jingine, nakubali tusiliongee.

Mdogo wako.


15 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zako zimefika na tumezigawana. Jirani wa juu anakusalimu, bado anadhani wewe ni mwanajeshi, nimechoka kumsahihisha. Mashine imetengenezwa.

Tumeanza mazoezi, usicheke. Kila Jumapili tunapanda mpaka kwenye tangi la maji la mtaa na kurudi. Mara ya kwanza nilikaa chini njiani mara tatu, nikasingizia kamba za viatu. Maswali anauliza: shimo lina mwisho? Moto bado uko chini au ulihama? Mawe yanayoelea yakilowa yanazama? Jibu yote, la sivyo atanimaliza mimi.

Na sasa sikiliza. Jumapili iliyopita Mkubwa alitoka chumbani amevaa buti za baba yake. Amevaa na soksi pea mbili, zikamkaa. Tukapanda hadi tangini na kurudi. Mlangoni akaniuliza, "Kwa mjomba ni mbali kuliko hapa?" Sentensi nzima, mdogo wangu. Niliingia jikoni nikalia nimewasha bomba wasinisikie.

Kwa hiyo ujue kwamba hili si suala la matembezi tu. Huyu mtoto amepata kitu kimoja anachokingoja. Mimi pia, nikisema kweli.

Halafu, maandishi yako yana nini? Herufi zimenenepa, maneno mawili yanajaza mstari. Au huko jangwani karatasi zinaota?

Maswali amekuchorea picha kwa penseli, ameikunja mwenyewe, nimeitia humu. Anataka useme kama imefanana.

Dada yako.


24 Aprili

Shikamoo dada,

Niwie radhi kwa kuchelewa. Natumaini wote wazima. Mimi mzima. Upepo umekuwa mkali.

Nimefurahi sana kuhusu Mkubwa. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi.

Mwambie Maswali kwamba shimo lina mwisho, moto ulihama zamani kabla ya bibi yetu kuzaliwa, na mawe yakilowa sana yanazama. Na picha yake ya mlima ni nzuri mno, imefanana kabisa, nimeibandika ukutani juu ya kitanda.

Dada, nimefikiria upya njia. Kilomita sita ni nyingi kwa watoto. Upepo umehamisha majivu na sehemu ya juu si nzuri. Naona tuchukue ile fupi, kilomita tatu kwenda na kurudi, tusifike ukingoni. Shimo wataliona kwenye picha kubwa iliyoko ofisini. Na mnaweza kutangulia nyinyi, mimi nikawangojea mwisho wa njia.

Au tungoje mwakani, hali ya hewa ikitulia.

Mdogo wako.


11 Mei

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Salamu za huku utazipata siku nyingine.

Mlima? Mtoto amemchora baba yake. Ana masharubu, ana kofia ya kazi, ana spana mkononi. Alikaa nayo siku mbili, akifuta na kuchora tena. Nilipomsomea barua yako akaniuliza mjomba ameona mlima gani. Mkubwa aliyekuwa anasikiliza akarudi chumbani na kufunga mlango. Jumapili hii hatukwenda tangini.

Nieleze. Ulisema njia unaifahamu kuliko kiganja chako, sasa upepo umeihamisha? Umetunza njia hiyo miaka kumi na nane, upepo umeanza mwaka huu? Kilomita sita zimekuwa tatu, halafu tutangulie wenyewe, halafu mwakani. Barua ijayo utatuambia tukusalimie kutoka barabarani.

Kama hututaki, sema. Mimi ni mtu mzima, nimezika mume, neno hilo haliniui. Lakini usinizungushe. Na kama bado una kinyongo na marehemu, basi kinyongo hicho kikae huko huko kwenye mawe. Watoto hawakukutukana.

Nilinyamaza mwaka mzima kuhusu siku ile nikidhani ukinyamaziwa utajirudi mwenyewe. Naona nilikosea.

Dada yako.


9 Julai

Shikamoo dada,

Natumaini wewe na watoto mko salama. Barua hii nimeiandika kwa wiki tatu. Nimeweka rula juu ya karatasi ili mstari usipande mwingine. Pakipandana, nisamehe.

Nyamaza kidogo kwanza unisome mpaka mwisho.

Sioni, dada. Yaani naona kidogo pembeni, lakini katikati ya kila ninachokitazama pamekaa doa la moshi. Daktari alisema nyuma ya macho pamechakaa na hapatengenezeki. Alilisema hilo miaka miwili iliyopita. Barua zako nazisoma saa sita mchana juani, kwa kioo cha kukuzia, neno moja moja, na umshukuru Mungu unaandika kwa wino mweusi. Penseli siioni kabisa. Niliipeleka ile karatasi juani, nikaigeuza huku na huku, nikaona kivuli kimechongoka juu, nikajisemea mtoto anayekuja huku atachora nini kama si mlima. Kumbe ilikuwa kofia ya shemeji. Sina namna ya kumwomba msamaha Maswali, nisaidie wewe.

Hapa kituoni nilificha. Njia naijua kwa miguu, hatua hamsini, alama, hatua hamsini, alama. Mtu asiyejua angedhani naona kuliko wote. Mpaka Machi, siku chache baada ya kukuandikia kwamba hamtapotea. Nilipanda na ndoo yangu ya rangi kupaka alama upya. Pale juu kunguru hutua kwenye mawe ya upande wa kushoto, na kinyesi chao kimeyafanya meupe. Niliona weupe, nikadhani ni kazi yangu ya zamani, nikapaka. Jiwe baada ya jiwe. Nilipaka mawe thelathini na moja, dada, safi kabisa, yakaelekea kwenye genge lisilo na njia. Mwezi wa nne mume na mke wenye mtoto mgongoni waliyafuata. Walipatikana saa tisa alasiri, midomo imepasuka, mtoto amelegea. Walipona wote. Mkuu wa kituo alinichukua brashi mkononi bila kunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Sasa nimewekwa getini, nachana tiketi. Peke yangu naweza kufika kwenye benchi la kwanza tu, hatua mia mbili na kumi.

Nilikuwa nawapunguzia njia kila nilipopungua mimi. Sikutaka mje mkute hivi. Na ukweli mwingine ni kwamba nilitaka mje mno.

Sasa lile tulilokubaliana tusiliongee.

Kazi haikunibana. Nilikuja kwenye mazishi. Basi lilichelewa, nikashuka na kwenda moja kwa moja makaburini na koti langu la kazi. Nikamwuliza mlinzi, mazishi ya saa nane? Akaninyooshea mkono, kule. Mkono wenyewe sikuuona vizuri. Niliona watu weusi weusi wamesimama, nikaenda, wakanipisha mpaka mbele. Nikainamisha kichwa. Nikamwambia shemeji yote niliyokuja kumwambia, kimoyomoyo. Kwamba alinitukana na mimi nikamtukana, na yote yameisha, na kwamba alikutunza vizuri, dada yangu. Nikachota udongo nikamrushia. Ndipo anayeongoza akasema, "Mama yetu huyu ameacha wajukuu kumi na mmoja."

Nilikuwa nimemzika mtu mwingine.

Nisingeweza kutoka, nilikuwa mbele, mwanamke mmoja ameshanishika mkono analia. Walipoanza kutawanyika nikauliza kama kuna mazishi mengine. Wakasema yalikuwepo, yamekwisha, wale wameondoka. Ningekuja nyumbani ningelazimika kueleza kwa nini, na ningeeleza macho, na ungeniambia niache kazi, kama shemeji alivyosema. Nikapanda basi la saa kumi na moja. Nikakuandikia uongo.

Kaburi lake sijalijua mpaka leo.

Hii ndiyo barua ya mwisho kwa mkono wangu. Yako ijayo, kama utaandika, atanisomea dereva wa gari la maji. Ni mtu mzuri, hanitangazi.

Mdogo wako.


1 Agosti

Ndugu dereva,

Hatujuani ila kwa karanga zinazonukia kwenye bahasha zangu. Asante kwa miaka yote uliyozibeba. Naomba umsomee mdogo wangu barua hii mkiwa wawili tu, polepole, na usiruke kitu hata ukiona aibu. Mimi aibu yangu nimeshaimaliza kabla ya kuandika.

Mdogo wangu,

Watoto wazima na wanakusalimu. Nimewaambia habari ya macho. Maswali aliuliza doa lina rangi gani, utamjibu mwenyewe. Kuhusu picha alisema, "Basi nitachora nyingine kwa makaa, nene nene." Mkubwa alijifungia chumbani siku nzima, mimi nikajua tumerudi tulikotoka. Kesho yake akaniambia, "Hatua mia mbili na kumi si haba, mama. Mjomba atatuongoza mpaka kwenye benchi, halafu tutakaa naye hapo." Buti amezipaka mafuta.

Kwa hiyo tunakuja. Tarehe kumi na tisa, kwa basi la asubuhi. Kilomita sita ziache huko juu na kunguru wako. Ukirudi na sisi mjini nitakupeleka kwa shemeji yako mwenyewe, umwambie yote upya, mara hii kwa sauti. Yule bibi wa wajukuu kumi na mmoja hakukosa kitu kwa kusikia maneno mazuri.

Sasa zamu yangu. Dereva, soma taratibu hapa.

Nilikuona.

Siku ile, kabla hata jeneza halijateremshwa, niliinua macho nikakuona upande wa pili, pamoja na watu wengine. Nilijua ni wewe kwa koti, lile lenye mkanda wa kung'aa mgongoni, nani mwingine angevaa koti hilo mazishini? Kati yetu palikuwa na makaburi mawili na kichaka, hatua thelathini labda. Mama mkwe alikuwa ameniegemea begani, hakuna aliyekuona isipokuwa mimi. Nilikutazama ukiinamisha kichwa kwa mtu mwingine. Nikajisemea, amekuja, lakini kiburi chake kimekataa kufika kwa mume wangu, amechagua kusimama na wageni ili nimwone. Nikajisemea, asipokuja mwenyewe, mimi simwiti.

Sauti nilikuwa nayo, mdogo wangu. Nilikuwa nimeimba nyimbo zote. Neno moja tu ungelisikia, ungegeuka, ungekuja, ungemzika na sisi. Ulirusha udongo nakuona. Halafu ukageuza uso huku na kule, ukitafuta, na mimi nikadhani unanitafuta ili kuhakikisha nimeona. Nikawaambia watu twendeni. Ni mimi niliyewaondoa haraka. Wengine walitaka kubaki.

Mwaka na nusu nimekuwa nikikusubiri uniombe msamaha. Kila barua niliyoandika nilijiona mwema kwa kunyamaza. Mtoto akachora baba yake, nikakuandikia yale niliyokuandikia, na wewe ukayasoma juani, neno moja moja, kwa kioo.

Sijui ningeishi vipi kama ungekufa kabla sijaandika hivi.

Tukishuka garini, usije kutupokea. Usijisumbue kutafuta tuko upande gani. Kaa pale pale getini kwenye kiti chako, nitakuita kwa jina mpaka uniambie ninyamaze, na hizo hatua thelathini nitazitembea mimi.

Dada yako.